Siku kumi chini ya mikaratusi: kutoka Melbourne hadi Bulahdelah

Siku ya 1. Melbourne hadi Healesville

Mtu wa Mufindi au Kericho akitaja mkaratusi, au mlingoti kama wengine wanavyouita, picha inayomjia ni ya mti mmoja: mrefu, mnyoofu, wa nguzo na wa kuni za kiwanda cha chai, wenye lawama ya kunywa maji ya watu. Kwao kwenyewe, Australia, jenasi ya Eucalyptus ina aina zaidi ya 700. Ukiongeza ndugu zake wawili, Corymbia na Angophora, unavuka 800. Njia hii inapita kusini-mashariki mwa nchi, mwezi Novemba, barabara za milimani zikiwa hazina theluji na joto kali la kiangazi likiwa halijaanza. Vituo vimechaguliwa kwa kile kinachoweza kusomwa hapo, si kwa uzuri wa mandhari.

Vifaa ni vichache. Lenzi ya mkononi ya kukuza mara 10, darubini (matunda mengi yako mita 30 juu ya kichwa chako), rula ya milimita, penseli, daftari, bahasha za karatasi na simu ya kupigia picha. Mifuko ya plastiki iache nyumbani. Kitawi kikivukia ndani yake kinaota ukungu, matumba yanapukutika, na jioni unafungua mfuko wenye uji wa majani usiopimika.

Sheria nayo ijulikane mapema: ndani ya hifadhi za taifa huruhusiwi kukata tawi wala kuchuma jani bila kibali cha maandishi. Piga picha, chunguza kilichoanguka, kiache pale pale. Na kabla ya kuingia msitu wowote, sugua soli za viatu mpaka tope liishe. Kimelea cha udongo kiitwacho Phytophthora cinnamomi husafiri kwa tope la viatu na magurudumu, na kimeua mimea mingi sana katika nchi hii.

Mti wa kuanzia ni Eucalyptus obliqua, unaoota kwenye miteremko ya Healesville. Ndio uliobeba jenasi nzima begani. Kielelezo chake kilichukuliwa mwaka 1777 kisiwani Bruny, Tasmania, katika safari ya tatu ya James Cook, na Mfaransa L'Héritier akaupa jina mwaka 1788. Neno Eucalyptus ni la Kigiriki, maana yake "iliyofunikwa vyema", kwa sababu ua la mkaratusi halina petali za kuonekana. Petali na sepali zimeungana zikawa kifuniko, na stameni, yaani nyuzi zinazobeba chavua, zikikomaa zinakisukuma kikadondoka. Kifuniko hicho kitatushughulisha siku zote kumi.

Simama mbele ya mti kwa mpangilio huu, usiurukie utaratibu. Kwanza gome: la namna gani, na linapanda mpaka wapi. Kwa obliqua ni la nyuzi ndefu, unaweza kuvuta uzi kwa vidole kama wa makumbi ya nazi, na linafika hadi kwenye matawi madogo. Kisha jani la mti mzima: upande mmoja wa kitako chake umeshuka chini kuliko mwingine, na jina obliqua limetoka hapo. Kisha majani ya utoto kwenye machipukizi ya chini. Kisha matumba, halafu matunda.

Matumba hukaa kwenye vishada kwapani mwa jani, na idadi yake ina hesabu yake: 1, 3, 7, au 9, 11 na kuendelea, karibu kila mara witiri. Kishada hujigawa kwa tumba la kati na mawili ya pembeni, na kila la pembeni hujigawa vivyo hivyo. Kosa la kwanza la kila anayeanza ni kuhesabu matumba yaliyobaki. Upepo, ndege na wadudu huangusha. Ukipata 5 au 6, chukua lenzi utafute makovu kwenye kichwa cha kikonyo, kwa kawaida utakuta ni 7. Hesabu vishada visivyopungua kumi, katika matawi tofauti, ndipo uandike.

Siku ya 2. Black Spur na Buxton

Barabara inapanda kutoka Healesville na kuingia katikati ya Eucalyptus regnans, mti wa maua mrefu kuliko wote duniani. Ulio mrefu zaidi uko Tasmania, umepewa jina la Centurion, nao una urefu wa mita 100 hivi. Chini yake yamejaa makangaga makubwa yenye shina kama mnazi mfupi, ishara ya mvua nyingi na udongo wenye kina. Regnans hauna subira na ukame.

Gome lake ni soksi: mita kadhaa za chini ni la nyuzi, hudhurungi na gumu, juu yake shina linakuwa laini, jeupe-kijivu, na linaning'iniza mikanda mirefu ya gome lililobanduka. Kwa mbali alama hii inatosha kukuvutia. Kuuthibitisha haitoshi, maana kuna miti mingine mitatu au minne yenye soksi kama hiyo katika njia hii.

Uthibitisho uko kwapani mwa jani. Okota kitawi kilichoangushwa na upepo, shika jani moja, tazama pale linapoungana na tawi. Badala ya kikonyo kimoja cha kishada, vinatoka viwili kwa pamoja, pacha, kila kimoja kikiwa na matumba 9 hadi 15 yenye umbo la rungu dogo. Obliqua hana pacha. Wala Eucalyptus delegatensis, tutakayemkuta mlimani. Kama matumba yameshakwisha, makovu mawili ya vikonyo kwenye kwapa moja hubaki. Matunda yana umbo la pea, hayafiki sentimita moja, na mengi yana vali tatu. Vali ni vile vipande vya pembetatu vinavyofunguka mdomoni mwa tunda mbegu zitoke.

Sasa tumba lenyewe chini ya lenzi. Pitisha jicho kwenye mstari ambapo kifuniko kinakutana na kikombe. Kwa regnans na obliqua hakuna kovu, kwa sababu kundi lao lina kifuniko kimoja tu. Kundi kubwa la pili, Symphyomyrtus, lina vifuniko viwili. Cha nje huanguka mapema tumba likiwa changa na kuacha mzingo mwembamba kama alama ya pete kidoleni. Kuwapo au kutokuwapo kwa pete hiyo kunakata orodha yako katikati kwa tendo moja. Tahadhari: ipo michache ya kundi la pili ambayo kifuniko cha nje hung'ang'ania mpaka maua yachanue, hivyo pete huioni. Kovu likiwepo, jibu ni thabiti. Lisipokuwepo, tafuta ushahidi mwingine.

Utagundua miti mingi hapa ina unene unaolingana. Regnans hauna kivimbe cha akiba chini ya ardhi, moto mkali ukipita unakufa, kisha mbegu zilizokuwa juu kwenye matunda zinamwagika kwenye majivu na msitu unaanza upya wote kwa pamoja. Sehemu kubwa ya misitu ya milima hii ni watoto wa moto wa Januari 1939, na mingine ya ule wa Februari 2009.

Huko Buxton kuna kituo cha dakika ishirini, na kinastahili. Eucalyptus crenulata huota porini sehemu mbili tu, hapa na Yering, kwenye ardhi yenye majimaji. Ni mti mdogo, wa rangi ya fedha, na majani yake yamekaa mawili mawili bila kikonyo, kingo zikiwa na mawimbi madogo kama ukingo wa sarafu. Mkaratusi mwenye kingo hizo hukosei hata usiku kwa tochi.

Siku ya 3. Buxton hadi Barmah

Kilomita kama 200 kuelekea kaskazini, milima inakwisha, nchi inakuwa tambarare hadi mto Murray. Barmah, pamoja na Millewa ng'ambo ya mto, ndio msitu mkubwa kuliko yote ya Eucalyptus camaldulensis. Mti huu Waafrika Mashariki wanaujua vizuri: ndio uliopelekwa sehemu kame, na ndio mzazi mmoja wa machotara ya GC, yaani grandis na camaldulensis, yanayouzwa kwenye vitalu vya Kenya na Uganda.

Jina lake lina mzaha ndani yake. Mti wa mito ya Australia umeitwa kwa jina la bustani ya Camaldoli, karibu na Naples nchini Italia, kwa sababu Dehnhardt aliueleza mwaka 1832 kutokana na mti uliopandwa huko.

Shina ni pana, mara nyingi limepinda, gome laini lenye mabaka meupe, kijivu na ya rangi ya chumvi iliyochafuka, na magamba machache magumu chini. Mahali nako kunasema: mti huu hufuata maji. Ukiuona mstari wa camaldulensis katikati ya tambarare kavu, pana mto au palikuwa na mto. Ukipanda sentimita chache tu juu ya usawa wa mafuriko, miti inabadilika ghafla kuwa mikaratusi ya gome gumu la kijivu, Eucalyptus largiflorens na Eucalyptus microcarpa. Watu wanaoishi hapa husoma kimo cha mafuriko kwa kuangalia mti gani umesimama wapi.

Tumba ni 7 hadi 11 kwa kishada, na kifuniko cha aina ya kusini kina mdomo uliochongoka ghafla, kama chuchu ya chupa ya mtoto. Usiufanye mdomo huo sheria ya nchi nzima, kwa kuwa huko kaskazini zipo nususpishi zenye kifuniko cha mviringo. Tunda ni nusu duara, la milimita 5 hadi 8, na vali zake, kwa kawaida nne, zinachomoza juu kabisa ya ukingo.

Hapa ndipo pa kufanya jaribio la mbegu, maana linatatua ugomvi wa kila siku Afrika Mashariki. Camaldulensis na Eucalyptus tereticornis hupandwa sehemu zile zile na huchanganywa sana. Ukiwa na kibali, chukua matunda yaliyoiva lakini bado yamefungwa, yaweke kwenye bahasha ya karatasi mahali pakavu penye joto, subiri siku mbili tatu yafunguke, yatikise. Utapata vumbi jekundu-hudhurungi, ambalo ni makapi yasiyoota, na chembe chache zenye umbo la mchemraba, ambazo ndizo mbegu. Za camaldulensis ni za njano-hudhurungi, zina ganda mara mbili. Za tereticornis ni nyeusi au hudhurungi iliyokolea. Kosa la kawaida ni kutazama makapi ukidhani ni mbegu. Tenganisha kwa lenzi juu ya karatasi nyeupe. Mbegu hizo zisiingie mkobani kwa safari ya nyumbani: bila cheti cha afya ya mimea, forodha watazichukua, na wana haki.

Usilaze hema chini ya mti huu. Huangusha matawi mazito mchana mtulivu usio na upepo.

Siku ya 4. Barmah hadi Chiltern

Chiltern ni darasa la magome. Udongo ni mwembamba, wa changarawe, migodi ya zamani ya dhahabu iko kila mahali, na ndani ya matembezi ya saa moja unapata karibu namna zote.

Mugga, Eucalyptus sideroxylon, ana gome jeusi, gumu, lenye mifereji ya kuingiza kidole kizima. Halibanduki. Gome lililokufa hukaa mtini na kujazwa utomvu mwekundu mpaka likawa kama mkaa uliogandishwa. Ligonge kwa ukucha, halitoi nyuzi. Karibu yake Eucalyptus macrorhyncha ana gome la nyuzi unazoweza kuvuta, na Eucalyptus microcarpa ana gome la nyuzi fupi, laini, lililoshikana, linalokomea kwenye matawi makubwa, juu yake pakawa laini. Eucalyptus polyanthemos anajulikana kwa majani ya kijivu yanayokaribia kuwa duara.

Halafu kuna Eucalyptus melliodora, mti wa asali, unaoaibisha wanaotegemea gome. Mmoja una gome hadi nusu ya shina, wa pili umevuliwa hadi miguuni, wote ni melliodora. Geuza jani kwenye mwanga: mshipa unaozunguka kandokando ya jani uko ndani, mbali na ukingo, wakati katika mikaratusi mingi unakaribia kuugusa. Mwangaza wa jua nyuma ya jani unaonyesha pia vitone vya mafuta, na upana wa pembe ambayo mishipa ya pembeni inatoka kwenye mshipa mkuu. Fanya hivyo kwa kila jani, kila siku. Ni sekunde tano.

Mugga hujulikana zaidi kwa matumba: saba, yananing'inia kwenye vikonyo virefu vyembamba. Ua likichanua, stameni za mzunguko wa nje hazina vifuko vya chavua. Ni fito tupu. Bila lenzi huzioni. Macrorhyncha naye ana matunda ya mviringo yenye ukingo uliovimba juu kama kichuguu, vali zikitoka nje.

Magome ya miti michanga yanadanganya. Mti wa miaka mitano unaweza kuwa na gome kavu ambalo utalivua ukubwani, na mti uliopitiwa na moto hubakiwa na gome la kukopa. Pima kwenye miti mikubwa, na zaidi ya mmoja.

Siku ya 5. Chiltern hadi Khancoban, kupitia Corryong

Leo ni siku ya majani ya utoto, kwa sababu ya ndugu watatu wanaowachosha hata waliobobea: Eucalyptus viminalis, Eucalyptus rubida na Eucalyptus dalrympleana. Wote wana gome laini jeupe lenye mikanda, wote wana matumba matatu matatu, wote wana vali zinazochomoza. Ukisimama na majani ya mti mzima pekee, unapiga ramli.

Tafuta chipukizi la chini, kwenye kisiki, kwenye mche, au pale shina lilipojeruhiwa. Majani ya utoto ya viminalis ni membamba, marefu, ya kijani, yamekaa mawili mawili bila kikonyo. Ya rubida ni mviringo, ya buluu-kijivu, yenye vumbi la nta linalofutika ukiyapitisha kidole. Ya dalrympleana ni mviringo kuelekea umbo la yai, ya kijani au yenye nta kidogo. Viminalis hupenda kingo za vijito, na koala huupenda pia. Dalrympleana hupanda mlimani zaidi.

Onyo moja: mti wa jirani uliochanganya damu hutoa chipukizi la katikati. Machotara yapo porini, si kwenye vitalu tu. Ukipata jani lisilokubali upande wowote, andika hivyo hivyo, pamoja na majina ya wazazi unaowashuku.

Katika vilima vya kaskazini-mashariki mwa Victoria kuna pia bicostata, ambao wengine huuhesabu nususpishi ya Eucalyptus globulus na wengine huuita aina kamili. Ndiyo familia ya ule mkaratusi wa nyanda za juu za Ethiopia na Kenya. Matumba yake ni matatu, hayana vikonyo, yana chunusi na nta nyeupe. Globulus wa Tasmania ana tumba moja moja, kubwa kama kifungo cha koti. Majani ya utoto ya wote wawili ni ya buluu, kwenye kitawi chenye pembe nne zilizochongoka.

Kangaruu huvuka barabara jioni. Fika Khancoban kabla ya jua kuzama.

Siku ya 6. Alpine Way hadi Thredbo

Barabara inapanda kutoka karibu mita 300 hadi 1,580 kwenye mwinuko wa Dead Horse Gap, na kimo kinapanga miti kama rafu. Katikati ni ukanda wa delegatensis: gome la nyuzi hadi nusu ya shina, juu laini. Vikonyo vya vishada ni kimoja kwa kwapa, matunda ni makubwa kuliko ya regnans. Moto wa 2003 na ule wa 2019 hadi 2020 uliua maeneo makubwa ya mti huu, na penye kijani kibichi kilichosongamana ni miche iliyoota baadaye. Mche ukichomwa tena kabla haujazaa, hakuna mbegu, na msitu wa delegatensis unakwisha mahali hapo.

Juu yake ni Eucalyptus pauciflora, mkaratusi wa theluji. Mfupi, umejinyonga, una shina nyingi, gome laini lenye mistari ya kijani, kijivu na nyekundu-hudhurungi likiloa. Jani lake ndilo cheti: mishipa inakwenda karibu sambamba na mshipa mkuu, kuanzia kitako hadi ncha, kama ya jani la nyasi pana. Matumba yana umbo la rungu, 7 na zaidi. Ukikuta mishipa sambamba lakini gome la kijani-zeituni na matumba yaliyochongoka yaliyopangika kama nyota, huyo ni Eucalyptus stellulata, anayekaa mabondeni yenye baridi na majimaji.

Pauciflora wana kivimbe chini ya ardhi, lignotuba, kwa hiyo ule msitu wa mifupa myeupe juu ya Thredbo haujafa wote. Angalia kwenye vitako, machipukizi yanatoka kwa mafungu. Tofautisha na vifo vya aina nyingine: shina lenye michirizi ya kukata gome kwa mlalo na vipande vya gome vilivyoinuka ni kazi ya mende mtoboaji, Phoracantha mastersi, ambaye lava zake hula chini ya gome mpaka zikakata njia ya chakula. Miti huisha kati ya mita 1,800 na 1,900 hivi. Kilele cha Kosciuszko, mita 2,228, ni nyasi na mawe.

Siku ya 7. Thredbo hadi Canberra

Jioni yote iwe ya Black Mountain na bustani ya taifa ya mimea iliyo chini yake. Bustani ni mtihani wa bure: kila mti una kibao. Utambue kwanza, andika jibu, ndipo usogee kusoma kibao.

Mlimani penyewe kuna miti miwili meupe isiyofanana hata kidogo ukiisogelea. Eucalyptus mannifera hutoa unga mweupe mkononi ukilisugua gome, na ana matumba 7. Eucalyptus rossii amechorwa mistari ya mizunguko kama mwandiko wa mtu mwenye haraka. Wachoraji ni viwavi wa nondo wa jenasi Ogmograptis, waliopita chini ya gome la zamani. Mwandiko huu hauthibitishi spishi, unathibitisha kundi dogo tu.

Canberra ndiko lilikotoka EUCLID, ufunguo wa kutambua mikaratusi zaidi ya 900 ya Australia, unaopatikana bure mtandaoni. Unajibu kile ulichokiona, orodha inapungua. Anza na eneo, kwa sababu hilo pekee huondoa mamia. Kisha idadi ya matumba, kovu, vali, gome. Jibu tu ulichokiona kwa macho: swali moja la kubahatisha linafuta mti sahihi na hutajua. Programu za simu za kutambua mmea kwa picha, kwa mikaratusi, hazifai kitu. Zinatazama jani, na jani la mkaratusi mzima limefanana na la jirani yake kama sare za shule.

Kama una kibali cha kukusanya, kielelezo kamili ni kitawi cha sentimita 30 chenye majani, matumba na matunda kutoka mti ule ule, pamoja na chipukizi la utoto kwenye karatasi yake na kipande chembamba cha gome. Kandamiza kati ya magazeti, badilisha magazeti kila siku kwa wiki ya kwanza. Andika viwianishi, kimo, udongo, urefu wa mti, gome linafika wapi, na rangi ya nta, kwa sababu gome na rangi ndivyo ambavyo karatasi haitavihifadhi.

Siku ya 8. Canberra hadi Katoomba

Mwendo mrefu. Milima hii ya mawe ya mchanga imo kwenye Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na ina aina zaidi ya 90 za jamii ya mikaratusi. Kwenye kingo za magenge anasimama Eucalyptus oreades, ambaye kwa mbali ni regnans mdogo, soksi na mikanda vyote anavyo. Hana pacha kwapani, na matumba ni 7. Eucalyptus piperita ana matunda ya umbo la mtungi, mdomo mwembamba, vali zimefichwa ndani. Jani lake lililokunjwa linanuka peremende. Harufu ina msaada wake, ila pua huchoka baada ya majani kumi. Nenda kanywe maji, urudi.

Siku ya 9. Royal National Park, kusini mwa Sydney

Hifadhi ya mwaka 1879. Hapa ndipo pa kutenganisha ndugu watatu wa siku ya kwanza: Eucalyptus, Angophora na Corymbia.

Angophora costata ana gome laini la waridi-chungwa, na kwa mbali ni mkaratusi mtupu. Majani yake yamekaa mawili mawili hata ukubwani, ua lina petali zilizo huru na halina kifuniko, tunda lina mbavu zilizosimama. Corymbia gummifera, iliyotengwa pamoja na wenzake kutoka Eucalyptus mwaka 1995, ina gome la vigae vidogo, matunda makubwa ya umbo la mtungi, na vishada vilivyojikusanya nchani mwa tawi. Mishipa ya jani imebanana, inatoka kwa pembe pana, kama ya unyoya. Mkaratusi wa harufu ya limau unaopandwa Afrika Mashariki, citriodora, ni wa kundi hili, ingawa vibao vingi bado vinamwita Eucalyptus.

Kwenye mawe makavu Eucalyptus haemastoma ana mwandiko wa nondo kama rossii, ila tunda lake lina ukingo mpana mwekundu. Jina lenyewe ni "mdomo wa damu". Tazama tunda lililokomaa lililo bado mtini: la zamani lililokauka hupoteza wekundu.

Siku ya 10. Sydney hadi Bulahdelah

Kilomita 235 hivi kaskazini. Kwenye mabwawa ya pwani Eucalyptus robusta: gome nene linalobonyea kidoleni kama sifongo, na vali ambazo mara nyingi hubaki zimeshikana ncha hata tunda likishafunguka.

Mwisho wa njia ni Eucalyptus grandis mmoja, wenye zaidi ya mita 70, karibu na Bulahdelah. Hapa ndipo kusini mwa makazi yake ya asili, na ndipo anapokutana na Eucalyptus saligna, ambaye vitabu vya mashamba ya Afrika Mashariki vilimwandika pamoja naye kwa mstari mmoja, "saligna/grandis", kwa sababu hakuna aliyeweza kuapa ni yupi. Wote wana soksi fupi na shina laini, wote wana jani lenye upande wa chini uliofifia rangi. Saligna ana lignotuba, grandis hana, lakini huwezi kufukua mti wa watu.

Inama uokote matunda yaliyomo kwenye vitawi vyenye majani, si yaliyotawanyika, kwani chini ya miti mirefu matunda ya jirani hufika pia. Weka moja kwenye kidole gumba, vali ziangalie juu, ulitazame kwa ubavu. Vali za grandis ni nyembamba, 4 au 5, zinachomoza kisha zinapinda kuelekea ndani, kama vidole vinavyofumba. Za saligna, 3 au 4, zinasimama wima au kufunuka kidogo nje. Tunda bichi bado limefumba, la mwaka juzi limevunjika ncha. Tumia la hudhurungi lililofunguka karibuni. Tazama ishirini. Kumi na nane zikipinda ndani na mbili zikisimama, ni grandis. Zikigawanyika nusu kwa nusu kwenye kitawi kimoja, andika chotara na uhamie mti unaofuata.